Ramani Humfunga Kwanza Aliyeichora



Mazungumzo yangu ya leo yanahusu jambo ambalo watu wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Kunduchi katika Kinondoni mpaka Mtoni na Mbagala katika Temeke, hulikuta kila siku mlangoni pao, ilhali ni wachache miongoni mwao waliopata kuulizwa rai yao juu yake. Jambo lenyewe ni namna mamlaka ya mji inavyokata shauri mahali gani pawe pa kuishi watu, mahali gani pawe pa soko, mahali gani pawe pa kuzikia wafu, na mahali gani pawe pa kutupia taka. Nimependelea kulieleza kwa njia ya kisa kimoja cha kweli, kisa cha jalala la jiji, ambalo katika muda wa miaka isiyozidi ishirini lilihama Tabata likaenda Kunduchi Mtongani, likatoka Kunduchi likaenda Vingunguti, likatoka Vingunguti likaenda Mtoni, na likatoka Mtoni likaenda Pugu. Muradi wangu katika kukisimulia kisa hiki ni kuthibitisha neno moja tu: kwamba ramani ya mji ni ahadi ambayo mamlaka huitoa kwa raia, na kwamba wa kwanza kufungwa na ahadi hiyo ni yule yule aliyeichora.

Kabla ya kufika Tabata yafaa tujue kwamba Dar es Salaam haikupata kuwa mji usio na mipango. Sultani Majid bin Said wa Unguja, alipouanzisha katika miaka ya 1860, alikuwa na tadbiri yake juu ya bandari na majumba. Wajerumani, walipoyatoa Bagamoyo makao ya serikali yao wakayaleta hapa mwaka 1891, walikuja na kanuni zao za ujenzi. Na Waingereza waliowafuata wakazirithi kanuni hizo na kuzikaza, hata asili ya mtu ikawa ndiyo inayoamua aishi Uzunguni, Uhindini au Kariakoo. Mwaka 1949 ulitolewa mpango mkuu wa kwanza wa mji mzima, nao uliendelea kuwagawa watu katika mafungu yale yale ya zamani, ila sasa mafungu hayo yakatajwa kwa wingi au uchache wa nyumba katika eneo. Baada ya uhuru ukaja mpango wa mwaka 1968, kisha mpango wa mwaka 1979, yote miwili ikitayarishwa pamoja na wataalamu kutoka Kanada. Na katika zama zetu hizi upo mpango mkuu uliokusudiwa kuliongoza jiji tangu mwaka 2016 hata mwaka 2036.

Lakini watu hawakungoja wino wa ramani ukauke. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji huu ukiwa na watu 272,821. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu 5,383,728, maana yake ni kwamba palipokuwa na mtu mmoja wamekuja kukaa karibu ishirini katika muda wa umri wa mtu mzima. Wengi wao walijipatia ardhi kwa wenyeji, aghalabu Wazaramo waliokuwa na mashamba ya minazi, mikorosho na miembe kando ya barabara za Kilwa, Pugu, Morogoro na Bagamoyo, wakaandikiana karatasi mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, wakajenga. Serikali haikukaa bure. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaingiza barabara na maji Manzese bila ya kuwaondoa watu wake, na awamu ya pili ya kazi hiyo ikafika Tabata, Mbagala, Mtoni na Tandika. Miaka mingi baadaye, tangu mwaka 2002, ukaja mradi wa viwanja 20,000 ambao matunda yake tunayaona Bunju, Mbweni, Kibada na Toangoma. Kazi hizo zilikuwa za maana, na kila aliyepata kiwanja chenye namba na njia ya kupita gari anazishukuru. Lakini haja ya watu ilikimbia kwa kasi kuliko minyororo ya wapima ardhi.

Tena yafaa tukumbuke kwamba mwenye kuamua naye hakutulia. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwanazuoni, alipokikalia kiti cha umeya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo, wananchi waliona kwamba baraza la mji limekuwa lao. Hata hivyo, miaka kumi na michache baadaye, katika mabadiliko yaliyoitwa madaraka mikoani, mabaraza ya miji yaliondolewa na kazi zao zikatwaliwa na watumishi wa serikali kuu. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarejeshwa, na sheria za mwaka 1982 zikayapa msingi mpya. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikasimamishwa na Tume ya Jiji ikashika mahali pake. Mwaka 2000 zikaanza kazi manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, pamoja na Halmashauri ya Jiji. Baadaye Ubungo ikakatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke. Na mwezi wa Februari mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Ninazitaja tarehe hizi kwa sababu kila kiti kinapobadilika, ahadi ya aliyekikalia kwanza huingia katika hatari ya kusahauliwa, na raia aliyejenga nyumba yake kwa kuitegemea ahadi hiyo hana cha kushika isipokuwa ile ramani iliyoachwa kabatini.

Sasa tufike Tabata. Tangu miaka ya 1960 taka za mji zilikuwa zikimwagwa huko, zama ambazo Tabata palihesabiwa kuwa nje ya mji na nyumba zake zilikuwa chache. Mji ukapanuka, watu wakaongezeka, na kama nilivyokwisha kusema, serikali yenyewe ikapeleka huko mradi wa viwanja. Ikawa mkono mmoja wa mamlaka unagawa viwanja vya kuishi watu, na mkono wa pili unaendelea kuleta malori ya taka katika kitongoji hicho hicho. Jalala lile lilikuwa likiwaka moto na kufuka moshi, harufu yake ikaingia vyumbani, nzi wakajaa katika vyakula, na watu wakasumbuka kwa vikohozi na maradhi ya tumbo. Wakazi walilalamika kwa halmashauri wasisikilizwe. Hatimaye baadhi yao wakafanya jambo ambalo katika siku zile halikuwa la kawaida kwa watu wasio na cheo: mwaka 1988 waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu.

Mwaka ule ulikuwa na maana yake. Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa imetiwa katika Katiba yetu mwaka 1984, lakini raia hawakuruhusiwa kuitumia mahakamani mpaka miaka mitatu ya matayarisho ipite, na ilikuwa Machi 1988 mlango huo ulipofunguliwa. Basi watu wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka ule ule, na kisa chao kikabeba hoja nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa: kwamba haki ya kuishi na kuhifadhiwa maisha, iliyotajwa katika ibara ya 14, haiwezi kuwa kamili kwa mtu anayelazimishwa kuvuta moshi wa taka za mji mzima usiku na mchana. Mahakama iliwapa ushindi, ikaiamuru halmashauri iache kumwaga taka Tabata.

Halmashauri haikuacha. Iliomba muhula, na muhula ukaisha. Ikaomba mwingine, na mwaka 1991, ombi la kuongezewa muda lilipofika mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, yule ambaye miaka mitatu baadaye alitoa hukumu mashuhuri juu ya mgombea binafsi, jaji alilikataa kwa maneno makali. Alistaajabu kwamba chombo cha umma kimepata uthubutu wa kuja mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuyachafua mazingira na kuyahatarisha maisha ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulisikia popote. Nawaomba mlizingatie neno hilo, wasikilizaji, kwa sababu ndani yake mna mizani ya serikali zote za mitaa. Halmashauri imepewa mamlaka ili iyalinde maisha ya wakazi wake. Haiwezi kuitumia sababu ya kuwako kwake kuwa ndiyo leseni ya kuwadhuru.

Laiti kisa kingekoma hapo, tungelisema haki imeshinda. Lakini taka zilikuwa hazijakoma kuzalishwa majumbani na sokoni, na halmashauri, badala ya kutumia ile miaka mitatu ya mihula kutafuta mahali panapofaa, ilikata shauri kwa haraka na kuyaelekeza malori Kunduchi Mtongani, upande wa kaskazini, katika sehemu za machimbo ya mawe na kokoto. Pengine aliyeamua aliliona shimo akadhani ameona jalala. Hakuiangalia ramani yake mwenyewe. Katika mpango mkuu wa jiji Kunduchi Mtongani palikuwa pametengwa kuwa mahali pa makazi, na watu walikuwa wakiishi pale. Wakazi hawakuchelewa mara hii. Katika shauri la mwaka 1991 alisimama mlalamikaji mmoja na nyuma yake wengine 794, karibu mtaa mzima umekwenda mahakamani, na hoja yao ikajengwa juu ya ile ramani: kwamba mamlaka iliyopanga hapa pawe pa kuishi watu haina ruhusa, kwa siri na kwa haraka, kupafanya pa kutupia taka. Mahakama Kuu ilikubaliana nao. Iliutengua uamuzi wa halmashauri, ikakataza taka kumwagwa pale, na ikaiamuru halmashauri itimize dhima yake ya kutafuta mahali pengine pasipodhuru watu.

Kwa maoni yangu, hukumu ya Kunduchi ni hazina ambayo kila diwani na kila afisa mipango miji katika nchi hii angefaa kuijua kama anavyojua njia ya ofisini kwake. Hukumu ya Tabata ilisema kwamba mamlaka isiwadhuru watu. Hukumu ya Kunduchi ikaongeza kwamba mamlaka isijivunjie neno lake. Raia anapokatazwa kujenga duka katika kiwanja cha nyumba, au anapoandikiwa alama ya X nyekundu ukutani kwa kuwa amejenga katika hifadhi ya barabara, huambiwa kwamba ramani ni sheria. Naam, ni sheria. Na sheria isiyomfunga mwenye nguvu haistahiki kumfunga mnyonge. Insafu haitaki zaidi ya hayo, wala hairidhiki na pungufu yake.

Jalala likahama tena, likashuka Vingunguti, kando ya bonde la mto Msimbazi, nalo likakaa huko mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisha likavuka kwenda Mtoni katika Temeke, karibu na hori na mikoko, likakaa mpaka mwaka 2007. Kisha likapelekwa Pugu Kinyamwezi, ambako lingaliko. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo penye uchungu wa habari hii. Tabata na Kunduchi zilikuwa na viwanja vilivyopimwa au vilivyotajwa katika mpango, na watu wake wakapata hujja ya kushika mkononi. Vingunguti ilikuwa kwa sehemu kubwa makazi yaliyoota yenyewe, nyumba zimebanana, njia ni za miguu, na wenye nyumba hawakuwa na hati. Sisemi kwamba aliyeamua alikusudia kuwaonea watu wa Vingunguti na Mtoni kwa udhaifu wao, kwa kuwa siujui moyo wa mtu. Nasema kwamba matokeo yake yalikuwa ni mzigo wa mji mzima kuteremka kutoka kwa wenye karatasi kwenda kwa wasio na karatasi, na kwamba matokeo hayo hayahitaji nia mbaya ili yawe dhulma. Mji unapoacha watu wake wengi waishi nje ya ramani, unawanyima mambo mawili kwa pamoja: unawanyima barabara na mifereji, na unawanyima lugha ya kudai haki yao siku mamlaka itakapokosea.

Ndiyo maana zoezi la leseni za makazi, lililoanza mwaka 2004 chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na kazi za urasimishaji zilizofuata, ni mambo makubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Wako wanaoiona leseni kuwa ni njia ya serikali kukusanya kodi, na wako wanaoiona kuwa ni karatasi ya kukopea benki. Mimi naiona kwanza kuwa ni ushahidi kwamba mwenye nyumba yuko, anajulikana, na ni lazima aulizwe kabla ya jambo kufanywa mlangoni pake.

Nataka pia nitende haki kwa upande wa pili. Kazi ya kuondoa taka katika mji unaokua hivi si nyepesi. Malori ni machache na yana uchakavu. Njia za Manzese, Mbagala na Yombo nyingi hazipitiki kwa lori, na taka hutolewa kwa mikokoteni na maguta mpaka kwenye kizimba cha kuzikusanyia. Wapo wanaokataa kulipa ada ya taka na usiku wakazimwaga mferejini. Na jalala likiwa Pugu, lori linalotoka Bunju au Mbweni halina budi kukatiza jiji zima, likichoma mafuta katika foleni, ili lifikishe mzigo mmoja. Nayajua hayo na siyadharau. Lakini udhuru wa kazi ngumu ni hujja ya kufikiri mapema zaidi, na wala si hujja ya kuamua kwa ghafla. Mtu afagiaye nyumba yake akazimwaga taka uani kwa jirani hakusafisha kitu. Amebadilisha tu jina la anayenuka. Na halmashauri iliyoyahamisha malori kutoka kitongoji hiki kwenda kitongoji kile, mara nne, ilikuwa ikihamisha ugomvi, na kila uhamisho uliongeza deni la imani baina yake na raia.

Je, liko jambo jema la kuigwa? Liko, tena hapa hapa jijini. Katika miaka ya 1990, pale Hananasif, Kinondoni, wakazi wa makazi yasiyopimwa waliokuwa wakisumbuliwa na mafuriko ya kila masika walijenga mifereji ya maji ya mvua na kutengeneza njia zao, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, lakini kamati ikiwa yao, waliyoichagua wenyewe, na vibarua wakiwa wao, wanaume kwa wanawake. Waliulizwa kwanza, wakachanga, wakafanya kazi, na kwa hiyo wakajua kila mfereji unaanzia wapi na unaishia wapi. Hata kazi hiyo haikuweza kuizidi nguvu ardhi yenyewe. Walioishi chini kabisa bondeni waliendelea kuwa hatarini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya arobaini katika jiji hili na baadhi ya waliookoka wakapewa viwanja Mabwepande. Na mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi za bondeni, za Hananasif zikiwamo, zikabomolewa. Fundisho lake ni la pande mbili: wenyeji wakiulizwa kazi huwa bora, na mtaalamu asipowaambia ukweli wa ardhi yao mapema, ukweli huo huja wenyewe kwa maji au kwa tingatinga.

Mfano wa pili uko hapo hapo Mabwepande, ambako Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kiwanda cha kugeuza taka za masokoni kuwa mboji. Taka za miji yetu kwa sehemu kubwa ni maganda, majani, mabaki ya vyakula na mboga, vitu ambavyo vikitengwa na vioo na plastiki hurudi kuwa rutuba. Kila tani inayogeuka mboji karibu na soko ilikotoka ni tani isiyopelekwa Pugu, na ni pungufu ya moshi katika kifua cha mtoto wa huko. Hapa ndipo tadbiri ya kweli inapoanza: kuuliza kwanza taka zipungue vipi na zitumike vipi, na swali la kuzitupa wapi liwe la mwisho.

Sasa nina nasaha tatu, nazo nazitoa kwa taadhima.

Ya kwanza ni kwa waheshimiwa madiwani. Kikao kinapoletewa pendekezo la kubadili matumizi ya ardhi, iwe ni uwanja wa wazi unaoombwa kwa kituo cha mafuta, au eneo la makazi linaloombwa kwa karakana, swali la kwanza liwe: ramani inasema nini, na watu wanaoishi pale wamesema nini? Diwani akilikosa jibu la moja katika hayo mawili, asinyanyue mkono. Katiba yetu, katika ibara ya 146, imeeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi uamuzi unaofika mtaani ukiwa umekwisha kupikwa, na wananchi wanatakiwa waupokee tu, umekwenda kinyume cha shabaha hiyo hata kama umepigiwa kura kwa utaratibu.

Nasaha ya pili ni kwa wale wenye dhima ya jiji kwa ujumla. Tangu Halmashauri ya Jiji ya zamani ivunjwe, eneo hili moja lina halmashauri tano, yaani Jiji lenyewe, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na mto Msimbazi, foleni za magari, na taka hazijui mpaka wa halmashauri hata moja. Taka za tano zote zikielekea upande mmoja, watu wa upande huo wana haki ya kuwa na sauti katika vikao vyote vitano. Na utafutwe utaratibu wa kudumu wa kukaa pamoja, wenye daftari na kumbukumbu, ili anayekuja kesho ajue aliyetangulia aliahidi nini.

Nasaha ya tatu ni kwetu sisi wakazi. Watu wa Tabata na Kunduchi hawakuwa na jeshi wala mali; walikuwa na subira, na walikuwa na umoja, na walijua mpango wa jiji unasemaje juu ya mahali pao. Leo kila mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa na kila kata ina mtendaji, na mkutano wa wakazi ni haki yetu kwa sheria. Lakini aghalabu mkutano ukiitishwa huja wazee wachache na kina mama, na wengine tunasema tuna shughuli, kisha siku greda linapofika ndipo tunapouliza nani aliamua. Tuhudhurie. Tuiombe ramani ya mtaa wetu ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo mtu yeyote ataiona bila ya kuomba kwa kunong'ona. Tujue uwanja wa wazi uko wapi, hifadhi ya mto inafika wapi, na njia ya maji inapita wapi. Na tukijua kwamba ukuta wa mmoja wetu umeingia katika njia ya maji, tumwambie ndugu yetu huyo mapema, kwa adabu, kwa kuwa ramani ikiwa ni ya kuifunga mamlaka, haina budi itufunge na sisi.

Wasikilizaji wapenzi, mji hauharibiki kwa kukosa watu wenye elimu ya mipango. Tunao, na vyuo vyetu vinawatoa kila mwaka. Mji huharibika pale ahadi iliyoandikwa inapochukuliwa kuwa ni pambo la kabati. Ilibidi raia 795 wa Kunduchi waende mahakamani ili waikumbushe halmashauri yao jambo ambalo halmashauri ilikuwa imeliandika kwa mkono wake. Kazi ya kizazi hiki, kuanzia Bunju mpaka Mbagala, ni kuhakikisha kwamba mtaa mwingine haulazimiki kwenda umbali huo ili upate kilichokwisha kuwa chake.